Kuku Aliyeonja kwa Niaba Yetu

Nilikuwa na kipimo changu cha dawa ya wadudu, na nilikiamini. Nikipuliza mchicha leo, kesho asubuhi nachuma konzi moja namtupia kuku. Alasiri ikimkuta bado anaparura, navuna, napeleka sokoni, na fungu moja nabakiza jikoni. Mama mkwe ndiye aliyenifundisha, na pale kwetu Nguvumali sikuwa peke yangu.

Mwaka ule nilikuwa na mimba ya miezi mitano, ya kwanza kukaa baada ya mbili kuharibika. Mchicha niliula kila siku, maana kliniki waliniambia unaongeza damu.

Bibi shamba, mtaalamu wa kilimo wa serikali, binti mdogo tu, akanikuta namlisha kuku. Akaniamkia, akauliza, nikamweleza kwa majivuno. Hakucheka. Akataka kuiona dawa, nikamletea ile niliyopimiwa sokoni kwenye chupa ya maji, haina hata karatasi ya maelezo. Nilipomtajia jina la dawa akasema ukiipuliza, unasubiri siku saba ndipo uchume.

"Siku saba mchicha si utakuwa mti!" nikamjia juu. "Nani kazihesabu hizo siku?"

"Panya, dada."

"Kwani mimi panya?"

"Siyo. Ndiyo maana wakagawanya."

Akanieleza bila haraka. Panya walilishwa dawa muda mrefu, wengine nyingi, wengine kidogo, wakatazamwa maini, uzito, na watoto waliowazaa. Kikatafutwa kiasi ambacho hakikuwadhuru. Kikagawanywa kwa kumi, kwa kuwa mtu si panya. Kikagawanywa kwa kumi tena, kwa kuwa watu hawalingani: yupo mgonjwa, yupo mtoto, yupo aliye tumboni. Siku saba ni za kuisubiri dawa ipungue, inayobaki kwenye jani isizidi kiasi hicho.

"Kuku wako hakufa," akasema. "Mayai yake je?"

Mara ya mwisho alilalia yakatoka viza matupu. Nikamwambia hivyo.

"Sisemi ni dawa, huenda ni jogoo. Ila wewe ulitazama kifo tu. Wenzetu wa maabara walitazama na uzazi."

Nilimchukia kwa muda, nisiseme uongo. Kisha nikakaa chini kwenye tuta, mkono tumboni, nikaogopa kweli.

Kesho yake niling'oa mchicha wote nikaufukia. Mama mkwe akanuna. "Sisi tumekula huo huo na tumezaa," akasema.

"Ndiyo, mama," nikamjibu, na nikaendelea kung'oa. Uliofuata niliuhesabia siku saba.

Binti yangu alizaliwa mzima. Kama ni zile siku saba au ni majaliwa tu, sijui, wala bibi shamba hakudai kujua. Lakini nashukuru. Namshukuru yeye kwa kunivumilia, na nawashukuru panya ambao sikuwaona, waliokufa ili mtu aulize swali ambalo mimi sikuwa nalo.

Binti yangu alipofika umri wa kula, nilimpondea mchicha wa matuta yangu, uliokaa siku zake zote. Nikampa kijiko cha kwanza. Akameza, akafungua mdomo kutaka tena.