Mwaka Nilipopimwa kwa Mizani ya Kahawa

Mwaka ule nilikuwa na miaka kumi na tisa na kilo arobaini na moja. Miaka niliijua kwa cheti cha ubatizo. Kilo nilizijua kwa mizani ya kahawa ya kijiji, iliyoning'inia kwenye boriti ya ghala, kwa sababu karani wa mizani alikuwa mjomba wangu. Vita vilikuwa vimekwisha miaka michache nyuma. Huku kwetu Mbozi mahindi na maharage hayakukosekana, lakini sukari, sabuni na mafuta tulipata kwa mgawo, au kwa mtu aliyekwenda Tunduma na kuvuka mpaka.

Nilikuwa nimechumbiwa na mwalimu wa shule ya msingi wa kijiji cha ng'ambo ya bonde. Posa ilikuwa imepokewa. Kilichobaki kilikuwa neno la shangazi yake, aliyemlea baada ya mama yake kufa kwa kifua kikuu. Shangazi huyo alikuja kuniona kahawa zilipoanza kuiva. Nilipompelekea maji ya kunawa alinishika kifundo cha mkono, akakizungushia kidole gumba na cha kati. Vidole vilikutana, kisha vikapitana.

“Mwanangu, unakohoa?”

“Hapana, shangazi.”

“Na usiku?”

“Sikohoi.”

Akamgeukia mama. “Mkwe, huyu mnamlisha au mnamwonyesha tu chungu?”

Alicheka, na mama akajaribu kucheka. Lakini wakati wa kuaga hakuwa na mzaha tena. “Nitarudi mavuno yakiisha. Nikimkuta hivi, mambo yatasimama. Nilishauguza mmoja mwembamba, nikamzika. Sitauguza wa pili.”

Tangu siku hiyo nilianza kujisikiliza. Moshi wa jikoni ukinikohoza, nilihesabu mara ngapi. Asubuhi nilitema mate kwenye jani la mgomba na kuyakagua kama yana damu. Mtu atauliza kwa nini sikwenda hospitali. Nilipiga hesabu hivi: nikipimwa na kukutwa na kifua kikuu, posa imekufa, nikinenepa, hakuna atakayeuliza kitu. Niliiona hesabu hiyo kuwa sahihi kabisa.

Niliishia darasa la saba. Zaidi ya hapo nilijisomea vijitabu vya elimu ya watu wazima, na kimoja kilihusu ufugaji wa nguruwe. Kilisema mnyama anayenenepeshwa apewe chakula kingi cha aina moja, asitembezwe, na apimwe kila wiki siku ileile, uzito uandikwe. Nilikisoma kana kwamba kimeandikwa kwa ajili yangu. Nilichukua daftari la mistari, nikagawa ukurasa safu mbili: Ijumaa, na kilo.

Kila Ijumaa mchana, watu wakiwa wamekwenda kula, nilikaa ndani ya gunia lililofungwa kamba, mjomba akalining'iniza kwenye ndoano. Alisoma mshale, akatoa uzito wa gunia.

“Arobaini na moja. Mpwa wangu, hata nusu gunia hufikii. Nikurudishe shambani ukaongeze?”

“Andika tu, mjomba.”

Nilianza na machicha. Jirani yetu alipika pombe, na machicha yake ndiyo yaliyonenepesha nguruwe wa kitongoji kizima. Nilikula bakuli asubuhi na bakuli jioni, kwa chumvi. Tumbo lilijaa gesi hata nikashindwa kuinama. Bibi yangu aliniangalia siku tatu, kisha akasema, “Nguruwe anashiba machicha kwa sababu hajachumbiwa. Wewe unakula huku unalia.” Baada ya wiki mbili mizani ilisema arobaini na moja ileile.

Nikahamia mafuta. Mama alikuwa na chupa ya mafuta ya alizeti aliyoitunza kwa ajili ya harusi. Nilikunywa nusu kikombe kila alfajiri kabla ya uji. Siku ya tatu nilishinda chooni, na Ijumaa ikasoma arobaini. Mama aliiona chupa. Alichukua jembe langu na ndoo yangu, akaniambia nisitoke uani, nisije nikapungua tena. Wengine walichuma kahawa, mimi nilikaa kwenye kivuli cha ukuta nikitazama vifundo vya mikono yangu.

Ndipo wifi yangu, mke wa kaka, akarudi kutoka Tunduma alikokwenda kuuza maharage. Alifungua pindo la kanga, akatoa karatasi ya gazeti iliyokunjwa. Ndani mlikuwa na vidonge vyeupe, vidogo kuliko punje ya mtama.

“Kanipa mama mmoja wa upande wa Zambia. Kimoja asubuhi, kimoja jioni. Wake za madereva wa malori wanameza hivi hivi, ungewaona!”

“Vinaitwaje?”

“Vinaitwa vya kunenepa. Wewe unataka jina au unataka makalio?”

Nilivihesabu, nikahesabu Ijumaa zilizobaki. Nikaona nikimeza viwili viwili nitafika mapema zaidi. Basi nikameza viwili viwili.

Vilifanya kazi. Njaa ilikuja ambayo sikuwahi kuijua. Nilikula ugali, nikakomba na ukoko wa sufuria. Arobaini na mbili. Arobaini na nne. Arobaini na sita. Uso ukawa wa mviringo, macho yakaingia ndani ya mashavu. Mizani iliposoma arobaini na nane mama alipiga kigelegele pale pale ghalani, na mjomba akavua kofia. Fundi cherehani alichukua vipimo vya gauni wiki hiyo.

Kuna mambo sikuyaandika, kwa kuwa daftari halikuwa na safu yake. Jioni raba zilinibana, na nilipozivua kamba zilikuwa zimeacha mifereji miguuni. Kilima cha kwenda kisimani, nilichokipanda tangu utoto nikiwa na ndoo kichwani, sasa kilinilazimu kusimama mara mbili, mikono mitupu. Moyo ulidunda nikiwa nimekaa. Nilijua kuna kitu hakiko sawa. Nilijua pia mavuno yanaisha.

Shangazi alikuja wakati kahawa ya mwisho ikiwa bado kwenye vitanda vya kuanikia. Mjomba alikuwepo, amealikwa ili aseme kilo. Mama alinisukuma mbele. Nilipiga magoti, nikasema shikamoo.

“Marahaba.” Alinitazama usoni kwa muda mrefu. “Mmefanya kazi.”

“Kilo arobaini na nane,” alisema mjomba. “Nimempima mwenyewe.”

Shangazi aliniambia nikae, ninyooshe mguu. Akaweka kidole gumba juu ya mfupa wa muundi, akabonyeza, akahesabu kimoyomoyo, akaondoa. Shimo lilibaki. Lilikuwa shimo la mviringo, kubwa kuingia punje ya hindi, na wote wanne tulilitazama likikataa kufunga.

“Karani,” alisema, “mtu akikuletea kahawa yenye maji, unafanya nini?”

“Naitia jino. Ikibonyea, namrudishia akaanike.”

“Kwa nini watu wanaileta na maji?”

“Si ili ipande kwenye mizani!” Alianza kucheka, halafu akautazama mguu wangu.

“Huyu umempima mara ngapi?”

“Kila Ijumaa.”

“Kahawa ya majirani unaikataa, mtoto wa dada yako umempokea na maji yake.”

Mjomba alikuwa stadi wa kazi ile. Aliingiza mkono hadi kwapani katika kila gunia, na hakuna mtu wa kijiji kile aliyewahi kumdanganya kwa kahawa mbichi. Siku hiyo alikaa chini akashika kichwa.

“Unameza nini?” shangazi aliniuliza. Nilimtazama mama. Nilidhani nikisema, nimepoteza mume. Nisiposema, sikujua ninapoteza nini. Nikaenda ndani, nikaleta karatasi ya gazeti.

Kesho yake tulipanda trekta la kijiji hadi hospitali, shangazi na mimi. Mganga alivimimina vidonge kiganjani. Alisema ni dawa kali, huandikwa kwa magonjwa maalumu, na kwamba uvimbe niliokuwa nao ni maji, si nyama. Kisha akasema jambo ambalo sitasahau: nisiviache ghafla, mwili ungeweza kuanguka, angevipunguza kidogo kidogo mbele ya macho yake. Nilikuwa nimejiapiza kuvitupa chooni usiku uliopita. Shangazi ndiye aliyenizuia, akitaka mganga avione.

Mganga alipotaja makohozi, nilijua anatafuta kifua kikuu. Walichukua asubuhi tatu mfululizo. Siku hizo shangazi alilala kwenye mkeka chini ya kitanda changu, na hatukuzungumza juu ya harusi. Mara moja tu, gizani, aliuliza, “Ulikuwa unaogopa kupimwa?”

“Ndiyo.”

“Hata yeye aliogopa,” alisema. Nilielewa ni marehemu wifi yake, mama wa mchumba wangu.

Kifua kikuu hakikuonekana. Kilichoonekana kilikuwa safura, minyoo ya watu wanaotembea peku mashambani, wanaonyonywa damu mpaka wakauke. Dawa yake ilikuwa ya siku chache. Shangazi aliposikia aliketi kwenye benchi, akafuta macho kwa ncha ya kanga, kisha akaniambia kwa ukali, “Utavaa viatu shambani.”

Maji yalitoka polepole, na niliogopa kila kilo iliyopungua, ingawa sasa nilijua ni nini. Ijumaa mjomba alinibonyeza muundi kwanza, ndipo akanipandisha. Nilisimama kwenye arobaini na tatu. Shangazi alitoa neno lake, na mwalimu na mimi tulifunga ndoa baada ya mvua. Gauni lilikuwa limeshonwa kwa vipimo vya yule mwanamke wa kilo arobaini na nane, na kitambaa kingine hakikupatikana. Shangazi alilikunja mgongoni akalibana kwa pini, moja, mbili, mpaka tisa, akaniambia nisiegemee kiti mpaka wageni waondoke.