Mbwa wetu aliponyamaza mafichoni, na daktari wa ng'ombe aliyemuokoa mama

Wakuu, heshima kwenu. Nimeona mnabishana humu kama daktari wa mifugo ni daktari kweli. Nawaletea kisa cha kwetu Sange, bonde la Ruzizi, karibu na mpaka wa Burundi. Chumvi sitii.

Uhuru ulikuwa bado mbichi, uasi ukaingia. Risasi barabarani, sisi tukakimbilia vilimani. Mtanishangaa, ila maficho yale nayakumbuka kwa upendo. Mihogo ya kuchoma, na watu wazima wakinong'ona kutwa nzima.

Kule mbwa wa kubweka aliuawa, maana angewaita askari.

Wetu, Shefu, siku moja akanyamaza kabisa. Tukamsifu kwamba amepata akili. Kesho yake taya likalegea, mate yanadondoka. Mama akadhani amekwamwa na mfupa, akamtia mkono kooni. Hakupata kitu, akabaki na mkwaruzo wa jino kidoleni.

Tulikuwa na Papa Kashindi, aliyechanja ng'ombe wa bondeni enzi za Wabelgiji. Watu walimtania sana, eti daktari asiyeongea na wagonjwa wake. Akamtazama Shefu kwa mbali.

"Mama, hii mbwa haina mufupa. Iko na kichaa."

"Ya kichaa inauma watu, Papa. Hii imetulia."

"Kuko kichaa ya kunyamaza. Weye ulitia mukono mu kinywa yake?"

Mama akaonyesha kidole. Papa Kashindi akakiosha kwa sabuni na maji, muda mrefu mno.

"Uvuke Burundi, wakupige sindano. Ukingoja ugonjwa uanze, dawa haiko."

"Minye naogopa maaskari."

"Tutaenda wote."

Wakapita mashambani hadi Kavimvira, mpakani, akamvusha. Nililia nikidhani mama simwoni tena.

Shefu alikufa siku ya tatu. Mama alichomwa sindano za tumboni siku nyingi, akarudi mzima, na jogoo mkononi wa kumshukuru Papa Kashindi.

Hakuwepo. Baada ya kumvusha mama alirudi kwetu, kisha akashuka bondeni kutafuta mbwa ambao huenda Shefu aliwauma kabla hajanyamaza. Hatukumwona tena.

Jogoo yule hakuchinjwa. "Iko ya Papa Kashindi," mama alisema, mpaka jogoo akafa kwa uzee.

Funzo langu: mbwa akibadilika, hata akiwa mpole ghafla, mwite daktari wa mifugo kabla hujamgusa.

Nanyi tupeni ya kwenu. Na kama humu kuna mtoto wa Papa Kashindi, ajitokeze. Mama yangu aliishi hadi akaona vitukuu, na Papa hatujawahi kumwambia asante.