Mtawa wa Chini ya Meza

Aibu hii nawasimulia mwenyewe kabla hamjasimuliwa na wengine, maana kila anayeisimulia anaanzia pale ninapotambaa, hakuna hata mmoja anayeanzia mwanzo akaeleza kwa nini nilikuwa natambaa. Basi mimi naanzia mwanzo. Mkitaka kucheka chekeni tu, nimeshazoea, na kusema kweli hata mimi nikifika katikati huwa najicheka.

Ilikuwa siku ya gusaba yangu, yaani siku ya ukoo wa Olivier kuja kwetu Gisozi kuniomba rasmi. Kwa asiyejua mila yetu Wanyarwanda, siku hiyo bibi harusi haonekani. Unafungiwa chumbani umevishwa mshanana, lile vazi letu refu la sherehe, na shanga kichwani, na huko nje chini ya turubai wazee wa pande mbili wanakaa wakitazamana na kutaniana: wageni wanasema tumekuja kuomba binti, wenyeji wanajifanya hawaelewi, mara binti hayupo, mara ameshaolewa, mara amesafiri, na wageni wanapambana kwa maneno matamu mpaka wakubaliwe, ndipo wewe unatolewa kwa nyimbo huku wasichana wakikusindikiza. Kabla ya hapo hata ncha ya pua yako isionekane mlangoni.

Sasa sisi ni wale waliorudi kutoka Tanzania. Baba alizaliwa Karagwe, akakulia huko, na tangu tuhamie Kigali hajaacha kusikia utani kwamba hawa wa Tanzania mila zao walizisahau mpakani. Ni utani, lakini Baba ulikuwa unamuuma kweli. Kwa hiyo gusaba ya binti yake wa kwanza aliipania: hakuna mtu atakayeondoka kwake akisema hawajui mila. Alimwomba kaka yake, Baba mkubwa Alphonse, awe msemaji wetu, na Baba mkubwa akawa anafanya mazoezi ya hotuba yake bafuni (alidhani hatumsikii, tulimsikia nyumba nzima, mpaka dada wa kazi aliijua kwa moyo).

Upande wa pili kulikuwa na Bibi Venansia, bibi yake Olivier, ambaye ndiye aliyemlea kule Buyenzi, Bujumbura. Magoti yake hayamruhusu tena kusafiri, na Olivier alisema wazi kwamba bila bibi kuona, yeye haoni kama ameposa. Tukakubaliana tuweke skrini kubwa pembeni ya turubai, bibi apigiwe kwa video, aone na aonekane. Binamu yangu Fabrice akapewa kazi ya kusimamia mitambo, lakini laptopu yake tulipoijaribu ilikuwa inamgandisha bibi kila akifungua mdomo, basi nikatoa ya kwangu, yenye nguvu.

Mtaniuliza, sasa kosa liko wapi? Subirini. Kazi yangu ni kuandika programu za kompyuta, na nikiwa na nafasi najiunga na watu wa kujitolea, waliotapakaa duniani, wanaotengeneza programu huria ya kuchimba sarafu za mtandaoni. Sina hata sarafu moja (Mama aliposikia nachimba aliniuliza shimo liko wapi), mimi ninachopenda ni kule kuikompaili, yaani kuuchukua msimbo ulioandikwa na watu na kuugeuza uwe programu ambayo mashine inaweza kuiendesha. Shida ni kwamba kila mfumo una tabia yake. Ni kama kupika wali uleule kwenye gesi, mkaa na kuni. Kwenye Linux ulikuwa unaiva vizuri, kwenye vile vikompyuta vidogo vya ukubwa wa kiganja ulikuwa unaiva ukibembelezwa, na kwenye Windows ulikuwa unakataa kabisa, unalalamika kwamba kuna faili halipo, wakati faili naliona kwa macho yangu lipo, limekaa, linanitazama. Nilihangaika nalo mpaka nikawa naliota.

Asubuhi ya gusaba, nimeshapambwa, nimeketi kitandani kama mgonjwa, Shangazi Mediatrice amekaa mlangoni kunilinda, ujumbe ukaingia kwenye simu. Mwenzetu mmoja, ambaye sijawahi kumwona, namjua tu kwa picha yake ya paka, alikuwa amelipata kosa. Kamstari kamoja tu. Anaomba mtu aijaribu kwenye mifumo yote mitatu.

Mtu mwenye akili timamu angejibu kwamba leo naposwa, nitajaribu kesho. Mimi nikajiambia, laptopu yangu iko pale nje, ina nguvu zote zile, na kazi yake ni kumwonyesha bibi mmoja aliyekaa kwenye kochi. Simu yangu imeunganishwa nayo, naweza kuiamuru nikiwa hapahapa kitandani. Amri moja tu, nani atajua?

Shangazi aliponiona nimeinama kwenye simu alinikemea kwa Kiswahili chake cha Bujumbura, alikoolewa. "Wewe, iko nini unacheka na telefone? Bibi harusi anapaswa kulia kidogo." Nikamwambia nalia kwa ndani. Nikaandika amri yangu, na hapo ndipo mambo yalipoharibika, kwa sababu nilikuwa nimebandikwa kucha za bandia ndefu, kila nikigusa herufi moja zinaitika tatu, na mwisho wa ile amri kuna mahali pa kuweka namba, ya kuiambia mashine ifanye kazi ngapi kwa wakati mmoja. Nikaona namba siyo lazima. Ukiiacha, mashine haikuulizi, inaelewa kwamba umeiruhusu kufanya kazi zote kwa mpigo, ijinyonge ikitaka.

Ikajinyonga. Kwanza nilisikia mngurumo kutoka nje. Kipaza sauti kilikuwa kimewekwa kando ya laptopu ili bibi asikie vizuri, na feni ya laptopu ilipoanza kuhangaika, spika zote za turubai zikanguruma kama mashine ya kusaga mahindi. Nikachungulia kwenye pazia. Bibi Venansia alikuwa ameganda kwenye skrini, mdomo wazi, jicho moja limefumba. Nikajaribu kuisimamisha kwa simu, simu ikazunguka, ikazunguka, ikaniambia mashine haijibu.

Nikampigia Fabrice. Akanong'ona kwamba amebonyeza kila kitu, ameifunika, ameifunua, na sasa inataka nenosiri. Tatizo ni kwamba alinong'ona akiwa kando ya kipaza sauti, hivyo nilimsikia mara mbili, mara moja kwenye simu na mara moja kupitia dirishani. Nikajua nikimtajia nenosiri atalirudia kila herufi kwa sauti, na nenosiri lile (nililiweka nikiwa chuo, msinihukumu) lina jina la mwanamume ambaye si Olivier. Nikakata simu.

Ningeweza kukaa kimya. Wazee walikuwa wanaendelea, mngurumo ungepungua, mambo yangekwisha. Lakini nilipochungulia tena nikamwona Olivier. Watu wote wa kwao walikuwa wanamtazama msemaji, yeye peke yake alikuwa ameigeukia skrini, anamtazama bibi yake aliyeganda, na macho yake yalikuwa yameanza kujaa machozi. Nikamwambia Shangazi nimebanwa naenda msalani, nikatokea mlango wa jikoni.

Nilidhani nina mpango. Meza ya mitambo ilikuwa imefunikwa kitambaa kirefu mpaka chini, nami nilidhamiria kupita nyuma ya viti vya wenyeji nimeinama, niingie chini ya meza, niivute laptopu, niizime, niiwashe, nirudi chumbani. Nikakunja mshanana mpaka magotini, nikaanza kutambaa. Nilichosahau ni kwamba wageni wanakaa wakitazamana na wenyeji, kwa hiyo niliyekuwa nimejificha nyuma ya watu wetu nilikuwa mbele kabisa ya macho yao.

Na wakati huohuo Baba mkubwa Alphonse, amesimama, amewapa mgongo wa kwetu na uso wageni, alikuwa amefika kwenye ile sehemu aliyoifanyia mazoezi kuliko zote. Alikuwa anawaeleza kwa masikitiko makubwa kwamba binti waliyemfuata ameitwa na Mungu, ameingia utawa, yuko kwenye nyumba ya masista nchi ya mbali ambako hata barua hazifiki. Akaona macho ya wageni yanamtoka. Akaona mama mmoja amejiziba mdomo na khanga, mabega yanatetemeka. Akadhani maneno yanawaingia, akaongeza, akasema yeye mwenyewe ndiye aliyemsindikiza, na hatamwona tena mpaka mbinguni. Ndipo shanga zangu za kichwani ziliponasa kwenye kitambaa cha meza.

Sikuvunja kitu. Niliingia chini ya meza, Fabrice akaniteremshia laptopu, nikaizima, nikaiwasha, nikaandika lile nenosiri la laana, nikapiga simu ya video kwa bibi. Nikajipongeza. Lakini kabla bibi hajapokea, simu ya video huwa inakuonyesha nini? Inakuonyesha wewe. Kamera iko kwenye laptopu, laptopu iko mapajani mwangu, na skrini kubwa ikajaa uso wangu, kutoka chini, puani, gizani, na kope moja ya bandia imening'inia.

Baba mkubwa akageuka akaniona, mkubwa kama nyumba. Turubai zima likanyamaza. Nilimwona Baba kupitia pindo la kitambaa, ameinamisha kichwa, mikono kwenye magoti, na nikajua anachokifikiria, kwamba leo imethibitika, hawa wa Tanzania hawajui mila. Nilitamani ardhi ya Gisozi yote iporomoke bondeni pamoja na mimi.

Bibi akapokea. Akakaa vizuri kwenye kochi lake, akatazama huku na huku. "Mbona mmekaa kimya? Mimi niliona watu wanakaa, halafu basi, hakuna kitu," akasema kwa Kiswahili chake cha Buyenzi. "Sijaona mjukuu wangu akiombewa mke. Anzeni tena, wanangu."

Watu wakatazamana. Hakuna mahali ambapo gusaba inaanzwa upya, na uongo ukishaumbuka unaurudiaje? Msemaji wa wageni, Mzee Gaspard, alikuwa anatazama viatu vyake. Ndipo Baba akasimama, yeye ambaye siku hiyo hatakiwi kusema neno, akasema bibi amesema tuanze tena, basi tuanze. Akaketi.

Wakaanza. Salamu zote, utambulisho wote, koo zote mpaka mababu, nami niko palepale chini ya meza, maana hakuna aliyethubutu kuniambia nitoke na mimi sikuthubutu kutoka. Ikafika sehemu ya utawa. Baba mkubwa akashusha pumzi, akaniangalia mguu wangu uliochomoza nje ya kitambaa, akawatazama wageni, akasema kwa uso mkavu kwamba binti huyo ameingia utawa, yuko nchi ya mbali, na yeye mwenyewe ndiye aliyemsindikiza. Nikauvuta mguu ndani. Wageni walikuwa wanalia kwa kicheko bila kutoa sauti, wamejiuma midomo, wanaheshimu.

Mzee Gaspard akasimama, akapangusa macho. "Tumesikitika sana kwa huyo mtawa, Mungu amtunze. Lakini tumeona mna fundi mzuri chini ya meza. Kama yeye hajaposwa, tunamwomba huyo."

Baba mkubwa akafikiri. "Huyo ana tabia ya kutoka kabla hajaitwa."

"Ndiyo maana tunamtaka," akasema Mzee Gaspard.

Hapo hakuna aliyejizuia tena, mpaka Bibi Venansia kwenye skrini alikuwa anajipiga mapaja. Nikatoka chini ya meza, nikarudi jikoni kwa miguu miwili kama binadamu, Shangazi akanibandika kope yangu huku akisema maneno ambayo siwezi kuyarudia, kisha nikatolewa rasmi, kwa nyimbo, na wasichana, na udongo mwekundu magotini.

Programu yenyewe, kwa wale wanaopenda kujua, nilipoijaribu siku zilizofuata ilikubali Linux, ikakubali vile vikompyuta vidogo, na kwenye Windows ikagoma palepale, ikitafuta faili lilelile. Nimewaachia wengine. Na nimeapa, mnishuhudie, kwamba siku yoyote watu wakivaa nguo za sherehe kwa ajili yangu, mimi na amri za kompyuta hatujuani, hata aje yule wa paka kunipigia magoti.

Lakini kabla wageni hawajaondoka, Mzee Gaspard alimshika Baba mkono mbele ya watu. Akamwambia amehudhuria gusaba tangu akiwa kijana, Burundi na Rwanda, na hajawahi kuona nyumba inayoifanya mila mara mbili kwa ajili ya bibi mmoja. Baba akaushika ule mkono kwa mikono yake yote miwili, na mimi na magoti yangu ya udongo nikalia kweli, siyo kwa ndani.