Radio ya Morris ya Nsajigwa

Mimi natembea. Nashona miavuli, na Rungwe mvua haijawahi kuninyima kazi. Ndiyo maana Nsajigwa wa Mpuguso alinishika mkono akaniambia, "Wewe unayeingia kila nyumba, nitafutie radio ya gari langu." Ningekataaje? Tulichunga ng'ombe pamoja.

Gari lenyewe ni Morris, aliachiwa na Mzungu wa chai aliyekuwa akimwendesha. Radio yake ilikufa zamani, likabaki tundu. Tangu bidhaa za nje ziwe ruksa, pale mjini Bulyaga zimejaa radio za kaseti za Kijapani, zinang'aa kama meno. Nsajigwa alizijaribu zote. Sikio lake la kulia lilikuwa limeshazima, la kushoto daktari alisema halivuki masika.

"Hizi nazisikia kama mbu ndani ya debe," alisema. "Ile ya zamani sauti yake nene. Ukiweka kiganja inapanda mkononi mpaka kichwani. Nataka kusikia taarifa ya habari ya saa kumi, ndugu yangu, kabla mlango haujafungwa."

Nilizunguka miezi minne. Nikaikuta Kawetele, iko juu ya kifuniko cha pipa la mahindi, inazuia panya. Ya enzi zilezile, yenye vichupa vinavyowaka ndani, pembe moja imeungua. Mjane mwenye pipa alicheka mpaka akakaa chini.

"Baba, hilo jiwe langu ndilo unalolitaka?"

Nikamshonea miavuli miwili, na wangu nikamwachia. Nikarudi nimelowa, radio ndani ya koti, kavu. Sikumwuliza ilitoka gari gani. Furaha ilinifunga mdomo.

Sasa, nyumba ya Nsajigwa inafuata ya zamani. Mwanawe Jotham yuko Tunduma na mitumba, mkewe Sekela amebaki nyumbani. Kwetu mke wa mwana hamtazami baba mkwe wake wala hasemi naye, na sisi wa rika la baba mkwe ni vivyo hivyo. Vijana wa mjini wameacha. Sekela hakuacha. Akitaka kupita hukohoa kwanza, mzee ajifunike. Akiwa na neno huwaambia kuku. "Nyie kuku, chumvi imekwisha." Mzee naye huwajibu kuku, "Chumvi nitaleta kesho." Kuku wale walijua mambo kuliko mchungaji wa kanisa.

Siku ya kufunga radio alikuja Sadalla, fundi umeme wa Bulyaga, ambaye babu yake alitoka Kilwa. Akatazama betri, akamfokea mzee sikioni.

"Mwingereza wa zamani alikuwa mbishi, mzee! Chanya ya betri kaifunga kwenye bodi! Mjapani anafunga hasi! Ukichanganya, radio inakaangika!"

"Hii ni ya Mwingereza," alisema Nsajigwa. "Gari la Mwingereza. Watagombana nini?"

Sadalla akacheka, akalala chini ya dashibodi, miguu nje, akaanza kukwangua nyaya. Radio tuliiweka kwenye kigoda, ikisubiri.

Sekela akatokea na mkungu wa ndizi. Akakohoa. Nsajigwa hakusikia, nikamgusa bega, akajifunika koti. Mimi nikageukia migomba. Tukasubiri apite.

Hakupita. Akaanza kusema na kuku, haraka haraka, akazidisha sauti. Nikaona aibu. Mtu mzima nitasikilizaje maneno ya mke wa mwana? Nikaimba wimbo wa kanisani, kwa sauti kubwa, nisisikie. Akangoja nimalize. Akarudia, nikaimba tena. Mara ya tatu vilevile. Kisha nikasikia nyayo zikiondoka.

"Kapita?" Sadalla aliuliza kutoka chini.

"Kapita."

Sadalla akaifunga radio. Ilipofika saa kumi kasoro kidogo akawasha. Kitaa cha radio kikawaka. Nsajigwa akaweka kiganja, akafumba macho. Harufu ikaja.

"Inapata moto," alisema akitabasamu. "Vichupa huchukua muda. Msiwe na haraka."

Moshi ukapita katikati ya vidole vyake. Sadalla akaukata waya kwa koleo. Nsajigwa hakuondoa mkono.

"Imesema nini?" alituuliza.

Sadalla akaifungua radio, akainama. "Kuna mtu aliigeuza humu ndani. Iliwekwa Kijapani, nami nimeifunga Kiingereza. Nani kaigeuza?"

Nyuma ya ukuta sauti ikawaambia kuku, "Nimesema mara tatu. Ile pembe naijua. Ni radio ya mjomba wangu wa Kawetele, aliigeuza aifunge kwenye Datsun yake."

Safari hii nilisikia.

Sadalla alikwenda mpaka Mbeya kutafuta kilichoungua. Walimwambia anunue radio mpya. Mimi niliingia nyumba zote tena, nikapata miavuli tu. Masika yakaja. Wiki ya tatu ya mvua, sikio likafunga.

Saa kumi Nsajigwa bado hukaa ndani ya Morris, kiganja juu ya radio. Sekela bado huwaambia kuku kwamba chumvi imekwisha, na hapana anayewajibu. Nikipita pale siimbi tena. Nasikiliza, kisha namwandikia mzee kwa kidole kwenye kile kiganja kingine: CHUMVI. Anaitikia kwa kichwa.

Lakini mimi natembea. Siku nyingi sipo.