Sauti ya Wakorgu

Prudence wa Saio, mtaa mmoja wa mji wa Bunia, alikuwa na kazi mbili, moja ya kumlisha na nyingine ya kumpa sifa. Ya kumlisha ilikuwa cherehani. Alishona sare za shule, magauni ya harusi, na mashati ya kwaya ambazo kila mwaka hugombana juu ya rangi. Ya sifa ilikuwa kutafsiri mahubiri. Mhubiri mgeni akija kutoka Kisangani au Kinshasa na Kifaransa chake, Prudence ndiye aliyesimama kando yake kukigeuza Kiswahili, sentensi kwa sentensi. Na kutafsiri katika makanisa yetu si kugeuza maneno tu. Mhubiri akipaza sauti, nawe unapaza, akilia, unalia, akiruka, kaza kitenge chako uruke. Waumini walisema Prudence anahubiri kuliko wahubiri wenyewe. Wahubiri walisikia maneno hayo, na baadhi yao hawakurudi.

Mwaka ule vita viliporudi upande wa Djugu na Bunia ikafurika wakimbizi, cherehani ilinyamaza. Nani atashonesha gauni la harusi wakati shangazi zake wanalala chini ya hema? Basi Prudence akasoma. Alikuwa amenunua sokoni, katikati ya rundo la viatu vya mitumba, kitabu kinene cha Kifaransa kilichoitwa Malango ya Ovarenne. Ilikuwa habari ya mji wenye malango yanayosema, na msichana Mirelde, mpiga kengele, na Wakorgu, watu wa milimani wanaoshuka kuchoma na kuua. Kitabu cha kwanza kiliishia Mirelde akining'inia ukutani kwa mkono mmoja. Mwandishi anayewafanyia watu hivyo anastahili viboko, lakini alikuwa mbali.

Prudence hakupata amani. Akatafuta kwenye simu, akakuta ukurasa wa wapenzi wa Ovarenne, watu wa Abidjan, Bruxelles na Montréal wakimjadili Mirelde kana kwamba anakuja kuolewa kwao. Akauliza: mkono ule ulishika au uliachia? Wengi walimjibu kwamba asome kitabu cha pili, jibu la watu wenye maduka ya vitabu. Mmoja tu alimwandikia kando. Alikuwa muuguzi, jina lake Émilienne. Alisema anacho cha pili na cha tatu, alivyoachiwa na daktari aliyerudi kwao Ulaya, na kwamba yeye pia yuko Ituri. Hakusema wapi, wala Prudence hakuuliza. Kwetu mtu mwenye adabu hakumuuliza mwenzake kijiji chake, kwa sababu swali hilo lilikuwa limeua watu wengi barabarani.

Tangu siku hiyo, mtandao ukipatikana, Émilienne alipiga picha kurasa na kuzituma. Prudence alizisoma, kisha akawasimulia majirani kwa Kiswahili, na majirani wakataka zaidi. Mwishowe akaanza kurekodi sauti na kuzituma kwenye kundi la WhatsApp walilolipa jina Walinzi wa Lango. Kundi likakua kama unga wa maandazi. Walikuwemo Émilienne mwenyewe, wenye pikipiki, wanafunzi, mwuza makayabu, samaki wale wa chumvi, na Michel, karani wa forodha kule Aru. Katika kambi karibu na hospitali watu walizunguka simu moja na kukatazana kukohoa. Kwa robo saa hakuna aliyekuwa mkimbizi. Kila mtu alikuwa mlinzi wa lango fulani.

Msikilizaji mkubwa kuliko wote aliishi uani kwake. Alikuwa Baba Michée, mdogo wa marehemu baba yake, mzee wa kanisa, aliyemlea Prudence na kumlipia shule. Alikuwa akitoa kiti chake nje na kusema kwamba habari za Ovarenne zinampumzisha kichwa.

Kitabu hakina sauti. Sauti alizitia Prudence, kama alivyozoea kanisani. Mirelde alimpa sauti ya msichana wa shule ya liseo, mfalme akampa ya mkurugenzi wa shule anayedai karo. Na Wakorgu? Hapo hakufikiri hata kidogo. Sauti ilikuja yenyewe. Ilikuwa nzito, ya kukata maneno nusu, sauti ya Mama Pétronille, mwanamke Mungiti ambaye zamani, kabla ya vita vya kwanza, alikuwa akiwaletea maharage nyumbani. Prudence alipokuwa mtoto alikuwa akimwigiza mezani, na baba yake alicheka mpaka akafuta machozi. Kwao Prudence ni Wahema. Baadaye Wahema na Wangiti walichinjana, Mama Pétronille hakuonekana tena, lakini sauti yake ilibaki kooni mwa mtoto, ikingoja kazi.

Siku waliyofika kwenye habari ya kinu, mwishoni mwa kitabu cha tatu, watu waliacha kazi ili wasikilize. Wakorgu wanafika alfajiri kwenye kinu ambamo wanakijiji wamejificha. Kapteni wao anapiga hodi kwa upole, anaomba maji. Mke wa msagaji anafungua mlango. Baada ya hapo hakuna anayetoka. Prudence aliisimulia vizuri mno, na hilo ndilo lililokuwa baya. Jérôme, mwenye pikipiki wa Mudzipela, akatuma sauti akicheka: "Dada Prudence, wale Korgu unawaweka sawasawa. Ni batu ya Aveba kabisa."

Aveba ni kwao Wangiti. Zikafuata sura za kucheka, moja juu ya nyingine. Prudence naye akatuma yake. Chini ya kicheko chake kukatokea mstari mmoja mdogo wa rangi ya majivu: Émilienne ameondoka kwenye kundi.

Alidhani ni mtandao. Akapiga simu, haikushikwa. Akapiga kesho yake, na kesho kutwa, huku akiomba iwe ni moto wa betri ya simu tu umekwisha. Siku iliposhikwa, walisalimiana kama watu wanaokutana msibani. Prudence akauliza ni kosa gani amefanya.

"Siye ni batu ya Aveba," Émilienne alisema. "Nilikuwa ninamuwekea mama yangu sauti zako, kwa sababu macho yake haione tena. Ile sauti unapatia bauaji, ni ya mama yangu. Yeye anasemaka vile."

Prudence alisema kwamba yeye ni mtafsiri tu, haongezi neno.

"Maneno ni ya kitabu," Émilienne alijibu. "Sauti ni yako."

Akakata. Prudence aliketi mbele ya cherehani na haya ikampanda mpaka masikioni. Mtu aliyempigia picha kurasa moja moja, akitafuta mtandao, alikuwa amekaa na mama yake kipofu akisikia Bunia nzima ikiwacheka. Alilia kwa hasira, na hasira yenyewe haikuwa na mtu mwingine wa kumwendea. Pale pale akaapa kwamba Émilienne atarudi, au Ovarenne itafungwa.

Haikupita wiki, Michel wa Aru akaleta habari njema, yaani habari ambayo mwezi mmoja nyuma ingekuwa njema. Amepata kitabu cha nne chote, kimetumwa na mtu wa Kampala, kimo ndani ya simu. Hakuna haja tena ya picha za mtu yeyote. Kundi likalipuka kwa furaha. Prudence akawaambia kwamba cha nne hakitasomwa. Wanarudi kitabu cha kwanza, ukurasa wa kwanza, na Wakorgu watabadilishwa sauti.

Ungedhani amewanyima chakula. Jérôme alisema hii ni hadithi, Wakorgu hawapo, kwa nini mtu akasirike kwa ajili ya watu wasiokuwepo? Mwingine alisema maji yakimwagika hayazoleki. Ni kweli, hayazoleki, Prudence akawajibu, lakini aliyemwaga ndiye anayepaswa kupanguza. Karibu nusu ya walinzi wakaacha malango yao. Hakumbembeleza hata mmoja.

Sasa Wakorgu wazungumze vipi? Kwanza alijaribu kuwasoma bila sauti yoyote, kama matangazo ya kanisa. Wakorgu wakawa wanaua kwa uchovu, na yeye mwenyewe alipiga miayo. Kisha akabuni sauti ambayo haikuwa ya mtu, ya puani. Dakika ile ile msichana wa kambini akaandika kwamba huyo ni mkaanga samaki wa Kasenyi, anamfahamu. Akajaribu nyingine, akaambiwa ni ya askari wa Umoja wa Mataifa. Hapo Prudence akaelewa. Katika mji kama Bunia hakuna sauti isiyo na mama. Ukimpa muuaji sauti, lazima uichukue katika nyumba ya mtu fulani, na nyumba pekee aliyokuwa na ruhusa ya kuchukua sauti humo ilikuwa yao.

Akaanza kuwarekodi Wakorgu kwa Kiswahili cha Wahema, cha shangazi zake na cha wazee wa kanisa waliokua pamoja na baba yake. Ilikuwa kazi ngumu kuliko kurukaruka na wahubiri. Simu zikaja kutoka kwa ndugu: unatutukana sisi? Umenunuliwa? Shangazi mmoja akamtumia mtu achukue kitambaa chake, hataki tena kushonewa. Prudence alikikunja vizuri na kumpa. Kila sauti aliyoirekodi aliituma pia kwa Émilienne, kando. Alama zikageuka buluu, maana yake zimefunguliwa, na jibu halikuja.

Ndipo akafika tena kwenye kinu. Aliusoma ukurasa ule, kapteni anapiga hodi, anaomba maji, kisha akaurudia mara ya pili. Maneno yale alikuwa ameyasikia kabla ya kitabu chochote. Katika vita vya kwanza, akiwa mtoto nyuma ya mlango, alimsikia Baba Michée akimwambia kaka yake, baba wa Prudence, mahali yeye na wapiganaji wenzake walikotoka asubuhi ile. Tulipiga hodi. Tukaomba maji. Akatufungulia. Baba Michée alikuwa amecheka kidogo aliposema hivyo, kicheko cha mtu anayetaka mwenzake acheke pia, na baba hakucheka. Miaka yote Prudence aliyajua maneno hayo yametoka kinywa gani. Na yalipomjia kitabuni, akachukua ya baba yake mdogo akayaweka katika kinywa cha Mama Pétronille wa maharage.

Angeweza kurekodi chumbani. Alifikiri hivyo, na akajidharau kwa kufikiri. Jumapili mchana, baada ya chakula, alitoka uani, akavuta kigoda mpaka mbele ya kiti cha Baba Michée, akafungua ukurasa aliounakili kwenye daftari, akabonyeza simu irekodi, akaanza. Msagaji alizungumza, watoto walizungumza. Kapteni wa Wakorgu alipofika mlangoni, alipiga hodi kwa sauti ya Baba Michée yenyewe. Haraka yote imeondolewa, kikohozi kidogo kinatangulia, neno "mama" limewekwa mwanzoni kwa heshima, kama anavyowaomba maji wanawake wa kanisa mpaka leo.

Mzee aliacha kuchokonoa meno. Prudence aliendelea mpaka mlango ukafunguliwa, mpaka moto, mpaka mwisho wa ukurasa, kisha akaondoa kidole kwenye simu.

"Nani alikuambiaka?" Baba Michée akauliza.

"Ni weye, baba mudogo. Nilikuwa nyuma ya mulango."

"Futa ile."

Prudence alimpenda mzee huyu. Niseme wazi, kwa sababu kuna watakaodhani alikuwa akimlipiza kisasi. Huyu ndiye aliyeuza ng'ombe ili yeye amalize shule, na hakuwahi kumpiga hata siku moja. Alimwangalia mzee usoni, akaituma sauti ile kwenye kundi, akaituma na kwa Émilienne.

Waliketi hivyo hivyo, hakuna aliyejua ainuke vipi. Kisha simu ikalia. Ilikuwa sauti, imetoka kwenye simu ya Émilienne. Prudence aliifungua bila kuisogeza sikioni, na uani pale Saio ikasikika sauti nzito, ya kukata maneno nusu, na safari hii hakuna aliyekuwa akiiigiza.

"Mutoto wa Bunia, miye ni mama ya Émilienne. Ile siku ya kwanza nilisikia batu babaya banasema kama miye, nikasema bazime simu. Leo nimesikia yote, na Émilienne iko hapa, anasikia. Sasa uniambie kitu moja. Yule mwenye kuomba maji, mwanamuke alimupatia maji?"

Prudence alitazama ukurasa. Kitabu hakikusema. Mlango unafunguliwa, na mwandishi anaruka moja kwa moja mpaka motoni. Aliinua macho ili amwombe mzee radhi, au amwambie ajiendee ndani, hakujua ni lipi. Baba Michée alikuwa ameinama, viwiko magotini.

"Alitupatia," alisema. "Alitoka na kikombe mukononi. Umuambie, alitupatia."

"Hapana, baba mudogo," Prudence akamwambia. "Hii siitafsiri. Sema weye."

Akabonyeza alama ya kipaza sauti, akamnyooshea simu.