Kasoro za Gari la Mjomba

Gari la mjomba lilikuwa refu kiasi kwamba pua ikishafika Kivinje, mkia bado unakata kona ya Nangurukuru. Natia chumvi, najua. Nilipomaliza kidato cha nne kwa masomo ya jioni, nikiwa tayari nina mke, watoto wawili na duka la vifaa vya umeme, mwalimu wetu wa Kiswahili aliniambia nina kipaji cha kuandika, ila nipunguze chumvi. Nusu ya kwanza ya ushauri ule niliishika vizuri sana.

Lakini kweli lilikuwa refu. Gari la Kimarekani la zamani, milango miwili, boneti pana unaweza kuandalia pilau ya watu sita. Mjomba, kaka yake mama, ambaye ni fundi magari tangu hajaota ndevu, alilikuta Lindi ndani ya ghala la korosho. Tajiri aliyelileta alikuwa amekufa, watoto wake wakalisahau, wakalirithi kuku. Walikuwa wanatagia kiti cha nyuma. Mjomba akaambiwa, ukiweza kulitoa, chukua. Akalitoa kwa trekta. Miaka kumi na moja iliyofuata alikata kutu, akanyoosha bati, akashona viti kwa mkono wake mwenyewe, akalipuliza rangi ya bluu iliyokolea kama kaniki mpya. Injini yake ilikuwa imepasuka, haitibiki, kwa hiyo akalitia injini ya lori lililokuwa likibeba chumvi. Siku lilipounguruma mara ya kwanza, vyombo vilianguka kabatini mpaka Masoko. Hapo pia mnisamehe.

Halafu macho yakaanza kumsumbua. Presha ya macho, wakamwambia hospitali. Kilichokwishapotea hakirudi, kilichobaki kilindwe kwa dawa. Kwanza maandishi madogo, kisha makubwa, kisha nyuso za watu walioko ng'ambo ya barabara. Nikawa msomaji wake. Kila siku baada ya alasiri nilikwenda barazani kwake kumsomea: karatasi za dawa, barua za kijiji kuhusu shamba lake la Pande, ujumbe wa simu. Nikisema imeandikwa hivi, kwake imeandikwa hivyo. Hakuwahi kuuliza mara mbili.

Siku moja akasema, "Andika tangazo. Naliuza wakati bado naliona likisimama mbele yangu."

Akanitajia maneno, nikayaandika kwenye simu. Gari la zamani la Kimarekani, limefanyiwa kazi kwa mikono, injini si yake, lina kasoro, njoo uone. Nikamsomea. Akasema sawa, rusha.

Nilipofika dukani nikalisoma tena, nikaona aibu. Nani atatoka Dar kuja kuona kasoro? Nikalitengeneza. Nikaandika: mfalme wa barabara, injini yake mwenyewe tangu kuzaliwa, halijui kutu. Halijui kutu, katika mji ambao ukisahau kijiko uani Ijumaa, Jumatatu unaokota mpini! Nikalirusha. Kesho yake mjomba akaniambia, "Hebu nisomee lilivyotoka huko." Nikashika simu, nikatazama maneno yangu, nikamsomea ya kwake.

Hilo ndilo ninaloliandikia haya yote.

Wiki ya pili akaja mtu kutoka Dar, mtu mzima mwenye viatu vyeupe na tochi mfukoni, mkusanyaji wa magari ya zamani. Akamwamkia mjomba shikamoo, akalizunguka gari, akapiga mluzi.

"Mzee wangu, hili chuma ni hatari."

"Marahaba. Hatari zake ngoja nikutajie kabla hujafungua boneti," mjomba akasema. Kwake kuuza kitu bila kusema aibu yake ni dhambi sawa na kukiiba. Akaweka kiganja juu ya gari, akaanza kutembea nalo kwa kupapasa. "Hapa chini ya mlango nimekata kutu, nikaunga bati la pipa. Hapa rangi imepanda mara mbili. Kioo hiki hakishuki mpaka uombe. Breki ya nyuma kushoto inachelewa kushika. Na injini ni ya lori la chumvi, silinda sita."

Yule bwana akasimama. "Injini ya lori? Mzee, tangazo lako linasema injini yake mwenyewe."

"Tangazo langu halisemi hivyo."

"Hili hapa." Akasoma kwa sauti, kuanzia mfalme wa barabara mpaka halijui kutu.

Mjomba aligeuza uso upande niliokuwa nimesimama. Hakuniona vizuri, najua, lakini sijawahi kutazamwa vile.

"Ni mimi," nikasema. "Nililibadilisha. Mjomba hakujua."

"Mimi ulinisomea nini?" akauliza.

"Nilikusomea lako."

"Kutoka wapi?"

"Kichwani."

Mgeni akakohoa, akasema amesafiri tangu alfajiri, basi na punguzo liwepo wamalizane. Mjomba akakataa. Akasema mkono wa biashara wenye uongo ndani yake hapokei. Akampa siku tatu, kama wanavyofanya wafanyabiashara wanaomwogopa Mungu: akae na gari, aliendeshe, akiridhika alichukue, asiporidhika alirudishe bila kinyongo. "Na huyu mpwa wangu," akaongeza, "atakaa pembeni yako kukutajia kasoro. Zote. Anazijua."

Basi siku tatu nilikuwa mtangazaji wa aibu. Kivinje mpaka Masoko, Masoko mpaka Nangurukuru, tukashuka mpaka karibu na Kilangala. "Hapo utasikia mlio, ni ekzosi imeungwa." "Hapa usikanyage breki ghafla." Yule bwana alicheka mpaka akafuta machozi. "Kaka, kwenye tangazo ulikuwa mshairi, humu umekuwa hakimu!"

Siku ya pili mjomba naye alipanda, akakaa kiti cha nyuma. Usukani wa gari lile uko kushoto, na kwetu tunaendesha upande wa kushoto wa barabara, kwa hiyo dereva akiwa nyuma ya lori haoni kinachokuja mbele. Anayeona ni aliyekaa kulia. Miaka yote mjomba alipoendesha, niliyekaa kulia ni mimi. Sasa tukalikuta lori la magunia, mgeni akaniuliza, "Vipi?" Nikachungulia. "Subiri, kuna basi." Basi likapita. "Sasa. Nenda."

Tulipolipita lori, mjomba akasema nyuma yetu, taratibu, "Barabarani hujanidanganya hata mara moja."

Nikageuka kumtazama.

"Ningekuwa nimekufa zamani," akasema. "Sasa kule kwenye simu uliona hakuna wa kufa?"

Nilikuwa nimezoea kuamini kwamba chumvi yangu haimdhuru mtu kwa sababu kila anayenisikia anajua natia chumvi. Mjomba alikuwa mtu pekee ambaye, kwa macho yake yale, hakuwa na namna ya kujua.

Siku ya tatu mgeni akalichukua gari. Alisema atalitafutia injini ya asili hata ikimchukua miaka. Mjomba akafurahi kwa hilo kuliko kwa chochote kingine. Walishikana mikono, mmoja akasema nimekuuzia, mwingine akasema nimekubali, nami nikawa shahidi, kwa kuwa hakukuwa na mwingine karibu.

Kesho yake nikaenda barazani kama kawaida. Ujumbe ulikuwa umeingia kutoka Dar: amefika salama, kioo kimegoma kushuka njia nzima. Nikausoma. Mjomba akasikiliza mpaka mwisho, kisha akamwita mkewe aliyekuwa jikoni.

"Bibie, njoo usome na wewe."

Akaja, akafuta mikono, akasoma polepole, akitafuta herufi moja moja.

"Ni vilevile?" mjomba akamuuliza.

"Vilevile. Ila yeye kasoma kwa mbwembwe."

Ndivyo tunavyofanya mpaka leo. Mimi nasoma kwanza, mkewe anasoma baadaye, mjomba anapima. Wakati mwingine mkewe ana wageni au samaki wako motoni, nami nangoja na karatasi yangu mkononi mpaka amalize. Sijalalamika. Na nimejifunza kusoma neno baada ya neno, bila kuliongezea hata nukta, ingawa zipo barua za kijiji ambazo, jamani, zinaniomba kabisa nizitie chumvi kidogo.