Mkono wa Mageni

Mageni wa Segese alizaliwa mashoto. Bibi yake alimchapa vidole mpaka akachoka mwenyewe. Kula alikula kwa mkono wa kulia, lakini fimbo ya kuchungia ng'ombe ilikaa kushoto, na huko porini nani wa kumkemea?

Mwaka 1994 Kaushik, mtoto wa mwenye kiwanda cha kuchambua pamba Shinyanga mjini, alirudi kutoka masomoni Nairobi na farasi wanane na wazimu mmoja: polo. Watu wanne kila upande, juu ya farasi, wanakimbizana na mpira kwa fimbo ndefu! Mji mzima ulicheka. Mageni, aliyekuwa ameleta ng'ombe mnadani, hakucheka. Alipanda farasi siku hiyohiyo, naye farasi akamkubali.

Wakawa chanda na pete. Jioni Kaushik alimsimulia: "Zamani kila nchi ilijichezea kivyake. Mwaka 1982 wakaunda shirikisho la dunia, Waargentina wakiwa mstari wa mbele. Miaka mitano baadaye likaandaa kombe la dunia. Huko hawaulizi baba yako ana nini, ndugu yangu. Mchezaji anapimwa kwa uwezo wake."

Mageni akalimeza neno hilo zimazima. Kila mnada wa Kagongwa alilihubiri shirikisho kama katekista: nasi tutaingia, nami nitacheza! Miaka miwili aliwafunza farasi wale, fimbo mkono wa kushoto, Kaushik akimpigia makofi. "Mkono wa dhahabu huo!" Loo, kikulacho ki nguoni mwako.

Mwaka 1996 akaja mzee kutoka Nairobi, kuangalia kama Shinyanga inafaa kuombewa uanachama wa shirikisho. Mageni, jezi mwilini, alipiga mpira mmoja tu. Filimbi ikalia.

"Kijana, hamishia fimbo kulia."

"Shikamoo, mzee. Mimi napigia huku."

"Marahaba. Basi hutacheza. Kushoto ni marufuku, toka shirikisho lenyewe halijazaliwa. Wawili wakiufuata mpira uso kwa uso, wa kulia na wa kushoto, watagongana wafe. Aliyekufundisha hakukwambia?"

Mageni akamtazama Kaushik. Kaushik akashughulika na tandiko lake.

Jezi akavuliwa, akavishwa Rushabh, binamu yake Kaushik, aliyekaa juu ya farasi kama robota la pamba. Farasi walisifiwa mno. Mzee alipouliza nani kawafunza, Kaushik alijibu, "Mimi, mzee wangu." Hata haya hakuona!

Mechi ilipokwisha Mageni alimfuata bandani.

"Miaka miwili, Kaushik! Ulijua na ukanipigia makofi. Ungeniambia siku ile ya kwanza, mkono wa kulia ningejifunza, na leo ningecheza."

"Najua," Kaushik akasema, akimfungua farasi hatamu. "Ungecheza kuliko sisi wote. Lakini timu ina nyota mmoja tu, Mageni. Mimi ningekaa wapi?"